Kutembea kwa fimbo mbili, mtindo wa Kinordiki: uzi kwa wale ambao matembezi yao ya kila siku yameanza kuwachosha

#1 Mkazi wa Tampere (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajamvi.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya watu wanaotembea kwa sababu ya afya, wawe walianza baada ya kuambiwa na daktari kwamba presha imepanda au walianza kwa hiari yao, na ambao sasa wamechoshwa na njia ileile, mwendo uleule na saa ileile. Ushauri wanaopewa watu wengi wakifika hapo ni kuongeza umbali au kuanza kukimbia. Mimi napendekeza jambo jingine, nalo ni kuchukua fimbo mbili na kuzitumia siku mbili au tatu kwa wiki, huku siku zilizobaki mtu akiendelea kutembea kama alivyozoea. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu jambo hili likifanywa nusunusu halina faida yoyote, na nimeona wengi wakilifanya nusunusu.

Naishi Tampere, Finland, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nchi hii ndiyo chimbuko la mtindo wenyewe. Wanamichezo wa mbio ndefu za kuteleza kwenye theluji walihitaji mazoezi ya kiangazi, wakawa wanapanda vilima kwa miguu huku wakijisukuma kwa fimbo zao. Mwalimu wa michezo Leena Jääskeläinen aliwatembeza wanafunzi wake kwa fimbo tangu miaka ya 1960, kocha Mauri Repo akaliandika zoezi hilo mwaka 1979, na mwaka 1997 kampuni ya Exel ikatoa fimbo zilizotengenezwa mahususi kwa kutembelea. Mwaka 2000 chama cha kimataifa cha mchezo huu, INWA, kikaundwa Helsinki. Leo ukienda kwenye kilima cha Pyynikki hapa mjini, ule mgongo mrefu wa changarawe ulioachwa na barafu ya kale kati ya ziwa Näsijärvi na ziwa Pyhäjärvi, utakutana na wanawake wa miaka sabini na kitu wakikupita kwa kasi, fimbo zikigonga ardhi nyuma yao.

Neno hilo, nyuma yao, ndilo la kushika. Mzee anayeegemea mkongojo huuweka mbele ili umzuie asianguke. Katika mtindo huu fimbo haiwekwi mbele ya mwili hata mara moja kwenye ardhi tambarare, kwa kuwa kazi yake ni kukusukuma.

Namna ya kujifunza ni hii. Vaa mikanda ya fimbo mikononi, kisha achia mikono ining'inie na fimbo ziburuzike nyuma yako. Anza kutembea kama kawaida bila kuzishika. Baada ya hatua kadhaa utaona kwamba mkono wa kulia unakwenda mbele pamoja na mguu wa kushoto, na mkono wa kushoto pamoja na mguu wa kulia, kwa sababu ndivyo mwili ulivyozoea tangu utotoni. Usijaribu kuipanga mikono kwa kufikiri, maana ukianza kufikiri ndipo mkono na mguu wa upande mmoja vinapokwenda pamoja, nawe ukajikuta unayumba. Mikono ikishapata mdundo wake, shika vishikio kwa wepesi kila mkono unapokuja mbele, na uache ncha ya fimbo iguse ardhi kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, fimbo ikiwa imelalia nyuma. Hapo ndipo unasukuma. Msukumo unaendelea mpaka mkono uipite nyonga. Ukishapita, vidole vinafunguka, kiganja kinaachia kishikio kabisa, na mkanda peke yake ndio unaomalizia kazi kabla fimbo haijarudi mbele.

Mkanda huo si kamba ya kawaida. Fimbo za Kinordiki huwa na mkanda mpana unaofunika kiganja kama glavu isiyo na vidole, na huwa kuna wa kulia na wa kushoto. Bila mkanda wa namna hiyo ni vigumu kuufungua mkono nyuma ya nyonga, na asiyeufungua mkono hukata msukumo katikati. Ukimtazama mtu kwa nyuma anapotembea vizuri, unakiona kiganja chake kikifunguka kila hatua. Usipokiona, jua kwamba anabeba fimbo tu.

Urefu wa fimbo hupatikana kwa kuzidisha kimo chako kwa sentimita na 0.66 hadi 0.68. Mwenye kimo cha sentimita 165 atahitaji fimbo ya sentimita 110 hivi. Njia nyingine ni kushika kishikio ncha ikiwa ardhini mbele ya vidole vya mguu, na kiwiko kikunjike kwa pembe ya mraba au kishuke kidogo. Ukiwa kati ya vipimo viwili, chagua kifupi, kwa sababu fimbo ndefu huyapandisha mabega na shingo hukaza. Ncha ya chuma ni ya udongo, nyasi na changarawe. Kwenye lami unavalisha kiatu kidogo cha mpira, ambacho umbo lake limeinama, na kidole cha kiatu hicho kinapaswa kuelekea nyuma. Watu wengi hukivalisha kinyume, mpira ukateleza, nao wakadhani kosa ni la fimbo.

Kuhusu faida, nitataja vipimo ninavyoviamini. Watafiti wa Cooper Institute ya Dallas, Marekani, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya watu 22 waliotembea mita 1,600 kwa fimbo na bila fimbo. Kwa wastani matumizi ya oksijeni na ya kalori yaliongezeka kwa takriban asilimia 20 walipotumia fimbo, huku wenyewe wakisema hawakuhisi kuchoka zaidi kwa kiwango cha kutajika. Sababu yake si ngumu kuiona: mabega, misuli ya nyuma ya mkono, misuli mipana ya mgongo na ya tumbo, ambayo katika kutembea kwa kawaida hufuata tu, sasa inafanya kazi pamoja na miguu. Hilo lina uzito kwetu kwa sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki na pia mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Wengi wetu tunaotembea tunatimiza la kwanza na kulisahau la pili. Fimbo hazichukui nafasi ya mazoezi ya nguvu, ila zinaipa sehemu ya juu ya mwili kazi ambayo ingeikosa kabisa.

Mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha ambayo bado haijadhibitiwa na aliyefanyiwa upasuaji karibuni azungumze kwanza na daktari wake. Wengine karibuni mwulize.

#2 Mwendapole (Nairobi)

Asante kwa uzi huu, mleta mada. Mimi hutembea katika Msitu wa Karura kabla ya kazi, nikiwa na muda wa saa moja hivi, na uliyoyasema kuhusu kuchoshwa na njia ileile yamenigusa kwelikweli, ingawa msitu wenyewe ni mzuri na una njia nyingi. Naomba unieleze unaipangaje wiki. Je, nikishazoea fimbo, sitachoka nazo vilevile baada ya miezi michache? Pia naomba ushauri kuhusu macho ya watu, kwa sababu najua nitaulizwa kama nimeumia mguu.

#3 Mkazi wa Tampere

Ndugu Mwendapole, swali lako la pili ndilo kiini cha uzi huu. Ukitembea kwa fimbo kila siku kwa mwendo mmoja katika njia moja, utachoka nazo kama ulivyochoka bila fimbo. Utofauti unatokana na mambo ambayo fimbo zinakuruhusu kuyabadilisha, na mambo hayo ni mengi kuliko yale ya kutembea mikono mitupu.

Kwa mwenye saa moja, ningeanza na siku moja ya mwendo wa utulivu kwenye udongo, bila mpira kwenye ncha, ukizingatia kitu kimoja tu, yaani kufungua kiganja nyuma ya nyonga. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza sentensi nzima lakini si kuimba. Wiki mbili tatu za kwanza nisingeongeza chochote juu ya hapo, kwa sababu mkono unaojifunza huku umechoka hujifunza vibaya.

Siku ya pili iwe ya kilima. Hili ndilo zoezi la asili la wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji, na mpaka leo wao hulifanya wakati wa vuli. Tafuta mwinuko unaochukua dakika moja au mbili kuumaliza. Panda kwa hatua ndefu, kifua kikiinama mbele kidogo kutoka kwenye kifundo cha mguu na si kutoka kiunoni, na kila hatua iwe na msukumo kamili wa fimbo. Ukifika juu, shuka polepole mpaka pumzi irudi, kisha rudia. Katika kilima utauhisi msukumo ambao kwenye tambarare ulikuwa unausikia kwa maneno tu. Mimi humwambia kila anayeanza kwamba asiyeelewa kusukuma aende kilimani, kilima kitamfundisha. Karura ina mabonde ya mito na miinuko ya kutosha.

Ukitaka siku ya tatu, iwe ya kubadilisha kasi: dakika mbili za kwenda kwa nguvu, dakika mbili za kupumzika huku ukitembea. Katikati yake unaweza kuweka michezo midogo, kwa mfano kusukuma fimbo zote mbili kwa pamoja kila baada ya hatua tatu. Mwishoni simama, ziweke fimbo mbele yako kama nguzo mbili, na ufanye mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mabega. Mazoezi haya ya kusimama watu huyapuuza kwa kuwa hayaleti jasho, lakini kwa mtu aliyevuka miaka hamsini mimi nayahesabu kuwa na thamani sawa na matembezi yenyewe. Katika kazi yangu nawahudumia watu waliovunjika nyonga kwa kuanguka sebuleni mwao, na kwa wengi wao uwezo wa kusimama sawasawa ulikuwa umeanza kupungua miaka mingi kabla ya siku ile. Siku nyingine zote tembea bila fimbo.

Kuhusu macho ya watu, hata hapa Finland mwanzoni watembeaji hawa walikuwa wakiulizwa wamesahau wapi vifaa vyao vya kutelezea. Waelezee watu unachofanya. Anayeuliza leo huenda ndiye atakayeomba kujaribu kesho.

#4 Kijana wa Marangu

Naomba kuchangia, wakuu. Mimi ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro, na kwetu fimbo ni vifaa vya kila siku. Moshi utazikuta za kukodi kwa urahisi, na hata za kununua zilizotumika. Hata hivyo nataka kutofautisha jambo ili watu wasichanganye. Fimbo zetu za mlimani zinarefushwa na kufupishwa, mkanda wake ni kitanzi cha kawaida, na tunazitumia tofauti. Wakati wa kupanda tunazifupisha. Wakati wa kushuka tunazirefusha na kuziweka mbele ya mwili, kwa sababu hapo mtu anahitaji kupunguza uzito unaoangukia magoti. Mgeni anayeshuka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka akiwa ameziweka fimbo nyuma kama ulivyoeleza, mkuu, ataanguka. Kwa hiyo swali langu ni kama fimbo za mlimani zinaweza kutumika kwa huu mtindo wa Kinordiki, kwa kuwa ndizo zinazopatikana huku.

#5 Mkazi wa Tampere

Nakushukuru sana kwa kulitenganisha jambo hili, kwa sababu ni kweli kabisa kwamba kushuka mlima ni kazi nyingine. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliopima watu wakishuka mteremko mkali wa maabara, na ukakuta kwamba fimbo zilipunguza nguvu zinazolielemea goti kwa asilimia 12 hadi 25. Matokeo hayo ni ya mteremko na ya fimbo zinazowekwa mbele. Tutayarudia hapa chini kama mtu atauliza habari za magoti.

Fimbo za mlimani zinafaa kuanzia. Zifunge kwenye urefu uliokokotoa, ukaze vifungo vyake vizuri kwa sababu sasa zitasukumwa kwa mshazari mara nyingi, na kila baada ya matembezi kadhaa hakikisha hazijajifupisha zenyewe. Mkono uingie kwenye kitanzi kutoka chini kwenda juu, kisha ushike kishikio pamoja na mkanda, ili msukumo upite kwenye kifundo cha mkono badala ya vidole. Hutaweza kukifungua kiganja kwa uhuru wote, lakini utaweza kukilegeza, na hiyo ni sehemu kubwa ya kazi. Mtu akishajua kwamba mtindo huu unamfaa, ndipo anunue fimbo zenye glavu, na ikiwezekana za kipande kimoja kwa sababu ni nyepesi na hazitikisiki. Zilizochanganywa na nyuzi za kaboni hupunguza mtetemo unaoingia mkononi ukiwa kwenye lami; za alumini ni imara na hugharimu kidogo.

#6 Bibi wa Kibaha

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Nina miaka 63, magoti yangu yamelika na daktari ameniambia nitembee lakini nisijichoshe. Mtu mmoja aliniambia kwamba fimbo hizi zinaondoa theluthi ya uzito kwenye magoti. Je, ni kweli? Nataka kujua kabla sijamwomba mjukuu wangu aninunulie.

#7 Mkazi wa Tampere

Shikamoo Bibi. Nitakujibu bila kukupamba.

Kauli hiyo ya theluthi imeenezwa sana katika matangazo ya fimbo, lakini kwa kutembea kwenye tambarare haikuthibitika. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walipima magoti ya watu waliokuwa wakitembea kwa mtindo wa Kinordiki na kwa mtindo wa kawaida, wakahitimisha kwamba fimbo hazikupunguza mzigo wa goti. Sababu mojawapo ni kwamba mtu mwenye fimbo hutembea kwa hatua ndefu na kwa kasi zaidi, na goti hulipa gharama ya hatua hizo. Yale matokeo mazuri niliyomjibu nayo ndugu wa Marangu ni ya kushuka mteremko, fimbo zikiwa mbele.

Basi kwa hali yako, Bibi, zipo faida tatu ambazo naweza kuzisema kwa uhakika. Ya kwanza ni uthabiti, kwa kuwa unakuwa na sehemu nne zinazogusa ardhi badala ya mbili. Ya pili ni kwamba mwili wa juu unafanya kazi, kwa hiyo moyo unapata zoezi lake bila wewe kulazimika kwenda mbali. Ya tatu ni kwamba unasimama wima: fimbo zikiwa na urefu sahihi haziruhusu mgongo kuinama kama unavyoinama kwenye mkongojo mmoja. Fupisha hatua zako, usifuate mwendo wa vijana, chagua njia ya udongo ulioshindiliwa, na ukifika kwenye mteremko ziweke fimbo mbele kama ulivyoelekezwa na ndugu wa Marangu. Kama goti linavimba siku inayofuata, punguza muda kwa nusu. Na kabla ya kununua chochote, mwulize daktari wako au mtaalamu wa tiba ya viungo, ukimweleza kwamba unataka fimbo mbili za kusukumia, si mkongojo.

Kwa wenye maradhi ya moyo wanaosoma hapa, ipo habari ya kutia moyo. Taasisi ya moyo ya Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, ilichapisha mwaka 2022 utafiti wa wagonjwa 130 wenye maradhi ya mishipa ya moyo waliogawanywa katika makundi matatu ya mazoezi kwa wiki 12: mazoezi makali ya vipindi, mazoezi ya wastani ya mfululizo, na kutembea kwa fimbo. Makundi yote yalinufaika, lakini katika kipimo cha umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa dakika sita, kundi la fimbo ndilo lililopata ongezeko kubwa zaidi. Wagonjwa hao walikuwa chini ya uangalizi wa wataalamu, na asiye na uangalizi asiwaige peke yake.

#8 Upepo wa Pwani (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi natembea ufukweni asubuhi. Nina maswali mawili. La kwanza, je, fimbo zinafaa kwenye mchanga? La pili, je, fundi seremala anaweza kunitengenezea za mti, kwa sababu za dukani sijaziona huku kwetu?

#9 Mkazi wa Tampere

Mchanga wa ufukweni una sehemu mbili, na kwa fimbo ni kama nchi mbili. Ule mkavu wa juu unaimeza ncha, na nguvu yako yote inapotea katika kuichomoa. Ule mbichi ulioshindiliwa na maji ni mahali pazuri mno: ncha ya chuma inashika, miguu haiumii, na nyuma yako inabaki alama inayokuonyesha kama umesukuma sawasawa. Alama ikiwa tundu la duara, umeisimamisha fimbo wima. Ikiwa mchirizi mfupi ulioinama, fimbo ilikuwa imelala inavyopaswa. Kwa hiyo panga matembezi yako kwa saa za maji kupwa, na uangalie mteremko wa ufukwe usiwe mkali, kwa sababu kutembea muda mrefu mguu mmoja ukiwa chini kuliko mwingine huchosha nyonga. Ukirudi nyumbani zioshe fimbo kwa maji yasiyo na chumvi, hasa kama ni za kurefushwa, kwani chumvi na mchanga huharibu vifungo.

Kuhusu seremala, inawezekana kwa kuanzia. Mti uwe mwepesi na ulionyooka, au mwanzi uliokomaa. Chini uvalishwe mpira wa gongo kama ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Juu utobolewe tundu la kupitisha mkanda mpana wa kitambaa kigumu, kama wa begi la mgongoni, utakaobeba mkono kutoka chini. Mpira wa gongo ni wa duara na umetengenezwa kusimama wima, kwa hiyo ukiulaza sana utateleza. Sukuma kwa pembe ndogo zaidi na uepuke vigae na lami iliyolowa. Fimbo zote mbili ziwe na uzito sawa, kwa sababu mkono huhisi tofauti ndogo baada ya nusu saa.

#10 Mkivu wa Lahti

Nami niko Finland, nimetokea Bukavu. Nathibitisha aliyoyaandika ndugu wa Tampere kuhusu vilima, kwani hapa Lahti karibu na viwanja vya kuruka kwa ski, yaani vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, watu hufanya zoezi hilo sana. Nataka kuongeza kwamba kwetu sisi tuliokuja kutoka nchi za joto, fimbo zimetusaidia kutoka nje wakati wa baridi. Miezi ya barafu watu wengi wa jamii yetu hujifungia ndani kwa kuogopa kuanguka. Ukivaa viatu vyenye misumari midogo chini na kuondoa mpira kwenye ncha ili chuma kishike barafu, unaweza kutembea katika njia zile za mazoezi zenye taa hata kama jua limezama saa tisa alasiri. Mama yangu, ambaye hakuwahi kufanya mazoezi ya aina yoyote, sasa anatoka na jirani yake Mfini, na wanaelewana ingawa lugha bado ni ngumu kwake.

#11 Mwendapole (Nairobi)

Narudi kutoa mrejesho. Nilipata fimbo za mlimani kwa rafiki, nikaanza na siku moja ya udongo na siku moja ya kilima kama nilivyoelekezwa. Kilimani nimeelewa maana ya kusukuma, na usingizi wangu umekuwa mzuri siku hizo. Shida niliyoipata ni maumivu upande wa nje wa kiwiko cha kulia, ambayo hayakuwepo hapo mwanzo. Je, niache? Pia tumekuwa kikundi cha watu sita sasa, na njia zingine ni nyembamba.

#12 Mkazi wa Tampere

Pole kwa kiwiko. Maumivu ya mahali hapo mara nyingi hutokana na kushika kishikio kwa nguvu bila kulegeza, na fimbo zenye kitanzi huchangia kwa sababu mtu huogopa zisimponyoke. Pumzika na fimbo mpaka maumivu yaishe kabisa, uendelee kutembea bila fimbo, na yakizidi au yakikaa muda mrefu mwone mtaalamu. Utakaporudi, anza tena na kuburuza fimbo bila kuzishika kwa dakika kadhaa, kisha shika kwa kidole gumba na vidole viwili tu, ukiuachia mkanda ubebe msukumo. Punguza urefu kwa sentimita 5 kama bado mabega yanapanda. Lami yote iwe na mpira, kwa kuwa mtetemo wa chuma kwenye lami huishia kiwikoni.

Jeraha jingine la kuangalia ni la kidole gumba. Mtu akijikwaa na kuanguka huku kishikio kikiwa kiganjani, kidole hicho huvutwa nje na kano zake huweza kuchanika. Mikanda mingi ya kisasa hujitenga na kishikio kwa kubonyeza kitufe, basi kwenye mawe na mizizi ya miti bonyeza na ushike fimbo bila mkanda.

Kwa kikundi cha sita kwenye njia nyembamba, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akimwacha wa mbele yake umbali wa mita mbili au zaidi, kwa kuwa ncha za chuma za aliye mbele huinuka nyuma yake kila hatua. Anayekuja kwa mbele akiwa na mtoto au mbwa, zikusanyeni fimbo zote mbili mkono mmoja, ncha zikitazama chini, mpaka apite. Anayekwenda polepole zaidi awe wa kwanza siku ya utulivu. Siku ya kilima kila mtu apande kwa mwendo wake, na wa mbele warudi chini kuwafuata wa nyuma, ili wote wamalize pamoja na wenye nguvu wapate kupanda mara nyingi zaidi.